Pascal na Masta Silinda ya Gari la Ami

Jina la Pascal sote tumeshakutana nalo. Wa fizikia wanalijua kuwa ni kipimo cha kanieneo, ile ambayo mtaani tunaiita presha. Wa hesabu wanaijua pembetatu yake ya namba. Kaka na dada zetu waliosoma kompyuta zamani kidogo walianzia kwenye lugha ya programu iliyopewa jina lake mwaka 1970. Lakini muulize mwanachuo yeyote pale kantini: huyu Pascal alikuwa nani khasa? Atakwambia, mzungu mmoja wa zamani. Basi, imekwisha. Tunafaulu mtihani, yeye tunamwacha kwenye daftari.

Mimi nilikwenda kumtafuta mwenyewe, na sababu yangu haikuwa mtihani. Sababu ilikuwa gari.

Ami yangu anakaa Kikwajuni, na ana Morris Minor iliyokaa miaka mingi bila kutembea. Sasa kaamua kuifufua ipate kazi ya kubeba maharusi. Bodi anataka ibaki vilevile, na taa zake za duara na bampa la kung'aa, ila injini kaingiza ya Toyota. Kwa hiyo kwa nje ni bibi kizee, kwa ndani ni kijana wa miaka ishirini. Injini ilipowaka mara ya kwanza mtaa mzima ulitoka kutazama. Kazi ya kutafuta masta silinda ya breki nilipewa mimi, kwa hoja kwamba mimi ndiye msomi wa nyumba. Sharti la Ami lilikuwa moja: isionekane ya leo. Mtu akifungua boneti au akifunua zulia, aone uzee mtupu.

Kila nilipouliza ipi ichukuliwe, jibu lilinirudisha kwa mtu huyu aliyefariki mwaka 1662. Kwa hiyo naomba nikusimulie maisha yake, na masta silinda itaingia mahali pake.

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 katika mji wa Clermont, katikati ya Ufaransa, penye milima ya volkano iliyolala. Mji huo leo unaitwa Clermont-Ferrand, na ndiko kampuni ya matairi ya Michelin ilikoanzishwa mwaka 1889. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu tu. Wakabaki na baba, dada mkubwa aliyeitwa Gilberte, na dada mdogo, Jacqueline. Baba, Étienne, alikuwa ofisa wa mahakama ya kodi na mjuzi wa hesabu. Mwaka 1631 aliwahamishia watoto Paris, na mwanawe hakumpeleka skuli. Alimsomesha mwenyewe nyumbani.

Alikuwa na mpango wake. Mtoto aanze na lugha, hesabu zije baadaye, akishakuwa mkubwa. Hata vitabu vya hesabu akavificha. Lakini mtoto ukimficha kitu ndio umemwonesha njia. Gilberte anasimulia kuwa ndugu yake, akiwa na miaka 12, alikutwa sakafuni akichora maumbo kwa mkaa, na peke yake alikuwa ameshafika kwenye kanuni kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni sawa na pembe mraba mbili. Baba akaishiwa nguvu, akamtolea vitabu. Alipofika miaka 16 kijana alikuwa ameshaandika kazi ya jiometri iliyowashangaza wakubwa wa Paris.

Kisha baba akapewa kazi ya kusimamia kodi katika mji wa Rouen. Nadhani waliowahi kumsaidia mzee kuhesabu hesabu za duka usiku wanaelewa maisha hayo: kujumlisha, kukosea, kuanza upya. Mwaka 1642, hajatimiza miaka 20, Pascal alianza kutengeneza mashine ya kumpunguzia baba yake adha. Ilikuwa sanduku lenye visahani vya kuzungusha na magurudumu ya meno ndani yake. Gurudumu la kwanza likimaliza kumi, linalisukuma la pili nafasi moja. Haikuwa kazi ya siku mbili. Alitengeneza sampuli karibu 50, za mbao, za pembe, za shaba, mpaka akaridhika. Zilizouzwa hazikuwa nyingi kwa sababu bei yake ilikuwa ya matajiri.

Katika habari za mashine ile kuna kisa kimoja kilichonigusa mimi moja kwa moja. Fundi saa mmoja wa Rouen alisikia sifa zake, akatengeneza ya kuiga. Kwa nje ilisuguliwa ikapendeza kabisa. Kwa ndani ilikuwa haina maana, haifanyi kazi. Pascal alikasirika mpaka karibu aache kazi yote, na baadaye akawaonya watu kwa maandishi wasinunue kwa kuangalia umbo.

Ukienda kutafuta spea za gari la zamani, utakutana na wajukuu wa fundi saa yule. Masta ya kwanza niliyooneshwa dukani ilikuwa nzuri, nyeusi, inang'aa, ina umbo lile lile la zamani. Fundi wetu hakuitazama usoni. Aliitoa pistoni, akaingiza kidole ndani ya tundu, akakizungusha. Tundu lilikuwa na mikwaruzo. Masta yenye mikwaruzo ndani hula raba zake taratibu. Leo inashika, miezi michache baadaye mafuta yanapita pembeni ya pistoni na pedali inazama. Nikajifunza jambo la kwanza: masta silinda huchaguliwa kwa kidole kabla ya jicho.

Turudi Rouen. Januari 1646 baba alianguka kwenye barafu akaumia nyonga. Waliomuuguza walikuwa watu wa dini sana, wafuasi wa tapo kali la Kikatoliki lililoitwa la Kijanseni, na kwa miezi waliyokaa pale nyumbani familia nzima ikaathirika nao. Tangu hapo maisha ya Pascal yalikuwa na kamba mbili zinazomvuta, elimu upande huu na ibada upande ule.

Mwaka huo huo zilifika habari kutoka Italia. Torricelli alikuwa amejaza zebaki kwenye bomba la kioo, akaligeuza juu chini ndani ya bakuli la zebaki, na zebaki ikashuka kidogo halafu ikasimama. Juu yake palibaki nafasi. Nafasi ile ina nini? Wanavyuoni wa wakati ule walishika neno la wazee wa Kiyunani: utupu hauwezi kuwepo, maumbile yanauchukia. Na nini kinachoishika zebaki isimwagike? Pascal alirudia jaribio hilo kwa maji na kwa mvinyo, akitumia mabomba ya kioo marefu zaidi ya mita kumi, yamefungwa kwenye mlingoti wa chombo. Akaamini kuwa hewa tunayoishi ndani yake ina uzito, na uzito huo ndio unaoisukuma zebaki.

Kuamini si kuthibitisha. Kama ni uzito wa hewa, basi juu ya mlima hewa ni chache zaidi na zebaki lazima ishuke. Pascal mwenyewe alikuwa mgonjwa mgonjwa tangu ujana, mlima hauwezi. Akamwandikia shemeji yake, mume wa Gilberte, aliyekuwa anaishi Clermont. Tarehe 19 Septemba 1648 shemeji alipanda mlima wa Puy de Dôme, wenye urefu wa mita zipatazo 1,465, pamoja na watu wa heshima wa mjini kuwa mashahidi. Bomba moja aliliacha chini, kwenye bustani ya watawa, na mtawa mmoja analiangalia siku nzima. Juu ya mlima zebaki ilishuka karibu sentimita 8. Lile la chini halikutikisika.

Lile bomba la chini ndilo ninaloliona mimi kuwa la maana zaidi. Bila ya hilo mtu angesema labda hali ya hewa imebadilika. Pascal alitaka vitu viwili vipimwe kwa wakati mmoja, kimoja mahali pake na kimoja kimehamishwa, ili asibaki wa kubisha.

Baada ya hapo aliandika dibaji ya kitabu kuhusu utupu, kitabu ambacho hakukimaliza. Humo alizigawa elimu mafungu mawili. Kuna mambo ambayo lazima tuwasikilize waliotutangulia, kwa mfano historia na dini, kwa kuwa tunayapata kutoka kwao. Na kuna mambo ya maumbile, ambayo mwamuzi wake ni jaribio na akili, si umri wa msemaji. Alisema pia, kwa maneno yake, kwamba hao tunaowaita wazee ndio waliokuwa watoto wa ulimwengu, maana ulimwengu ulikuwa mchanga wao walipoishi. Wazee khasa ni sisi tuliokuja nyuma, tuliorithi majaribio yao.

Nilipoisoma hoja hiyo nikamwona Ami yangu mbele yangu. Kwake yeye neno la mwisho lilikuwa kwamba Morris zilitembea Unguja miaka na miaka na masta zao za chumba kimoja, wazee wakaendesha, wakafika. Mimi siwezi kumjibu Ami yangu kwa kelele, adabu haikubali. Lakini Pascal alinionesha namna ya kuligawa shauri lenyewe. Sura ya gari ni historia, na hapo neno la wazee ndilo neno: rangi, bampa, usukani, hata skrubu zikae kama zilivyokaa. Kusimama kwa gari ni maumbile. Hapo mwamuzi ni jaribio.

Sasa tufike kwenye mafuta. Kati ya mwaka 1653 na 1654 hivi Pascal aliandika risala fupi kuhusu mizani ya vimiminika. Alieleza hivi: chukua chombo kilichojaa maji, kimefungwa kila upande, kina matundu mawili, moja kubwa mara mia kuliko jengine. Kila tundu litie pistoni inayobana sawasawa. Mtu mmoja akisukuma pistoni ndogo atalingana na watu mia wanaosukuma kubwa. Sababu yake ni kwamba maji yaliyofungiwa yanapeleka presha ile ile kila upande, bila ya kupendelea. Na akaongeza sharti ambalo wengi tunalisahau: anachokipata mtu kwenye nguvu anakilipa kwenye safari. Pistoni ndogo lazima iende mbali mara mia ili kubwa isogee kidogo.

Masta silinda ni risala hiyo iliyotiwa kwenye chuma. Ukikanyaga pedali, fimbo fupi inasukuma pistoni ndani ya silinda, pistoni inasukuma mafuta ya breki kwenye mabomba membamba, na mafuta yanakwenda magurudumuni kusukuma pistoni nyengine zinazotanua viatu vya breki vibane dramu. Kutoka kwenye maandishi mpaka kwenye gari ilichukua muda. Mwingereza Joseph Bramah alitengeneza mashine ya kugandamiza kwa maji mwaka 1795. Mmarekani Malcolm Loughead alipata hataza ya breki za mafuta mwaka 1917. Kampuni ya Ford iling'ang'ania breki za vyuma na waya mpaka magari yake ya mwaka 1939. Morris Minor, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, ilikuwa na breki za mafuta tangu siku ya kwanza, na masta yake imefichwa chini ya miguu ya dereva, ndani ya chesisi. Kuongeza mafuta unafunua zulia na kufungua kifuniko kidogo sakafuni.

Mbele yetu palikuwa na masta tatu. Ya kwanza ni ya umbo la asili, chumba kimoja, tundu la inchi 7/8. Hii ndiyo aliyoipenda Ami papo hapo, na kweli inakaa pale pale bila ya kukata chuma. Ya pili ni ya Toyota iliyokuja na injini: ya aluminiamu, kopo la plastiki nyeupe, na nyuma yake busta kubwa kama sufuria ya pilau. Inafanya kazi vizuri kwenye gari lake, lakini lilikuwa gari la diski mbele, na breki za diski na za dramu haziombi mafuta kwa kiasi kimoja. Tena ikikaa ndani ya boneti ya Morris inaonekana kama simu ya mkononi kwenye picha ya harusi ya babu. Ya tatu fundi aliitoa kwenye gari dogo la Kijapani la miaka ya sabini, lisilokuwa na busta, lenye dramu magurudumu yote manne. Ni ya chuma cha kusubu, ina vyumba viwili, vikombe viwili vya mafuta vyenye vifuniko vya bati, na tundu la inchi 3/4. Fundi aliipitisha kidole, akaridhika. Raba zote akabadilisha.

Tufanye hesabu kidogo, wasiopenda mnisamehe. Mguu ukikanyaga kwa nguvu ya kilo 30, na pedali ina uwiano wa 5 kwa 1, pistoni inasukumwa kwa kilo 150. Tundu la inchi 7/8 lina eneo la sentimita za mraba 3.88, kwa hiyo presha ni kilo 39 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Tundu la inchi 3/4 lina eneo la 2.85, na presha inapanda kuwa karibu kilo 53. Hiyo ni zaidi ya pascal milioni 5, kwa mguu ule ule. Lakini deni la safari lipo: pistoni ndogo inapaswa kwenda mbali zaidi kwa asilimia 36. Ndiyo maana ukichagua tundu dogo lazima viatu vya breki virekebishwe vikae karibu kabisa na dramu, ama sivyo pedali itafika sakafuni kabla ya kazi kuisha.

Jambo kubwa kuliko yote lakini ni vile vyumba viwili. Presha inakwenda sawa kila upande, na uzuri huo huo ndio hatari yake. Kwenye masta ya chumba kimoja mabomba yote ni nyumba moja. Raba moja ikipasuka kwenye gurudumu la nyuma, mafuta yanatafuta njia nyepesi na magurudumu yote manne yanakosa nguvu kwa pamoja. Masta ya vyumba viwili ina pistoni mbili zinazofuatana katika tundu moja, moja ya breki za mbele, moja ya nyuma. Upande mmoja ukivuja, pedali inazama zaidi kuliko kawaida, lakini upande wa pili unabaki na presha yake. Marekani ililazimisha mfumo huo kwa magari mapya tangu mwaka 1968. Morris ya wazee ilikuwa na injini isiyofika sisi 1,100 na barabara zilizokuwa nyeupe. Ya Ami ina sisi 1,500 na itapita Michenzani jioni ya Ijumaa, bodaboda kulia, daladala kushoto, watoto wanavuka.

Ami alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu kuwa karatasi inakubali kila kinachoandikwa juu yake. Sikubishana. Tukafanya jaribio, na tukalifanya kwa mtindo wa Clermont, viwili kwa pamoja.

Gari lilikuwa juu ya magogo, magurudumu yananing'inia. Tukafunga kwanza ile ya chumba kimoja, tukatoa upepo kwenye mabomba mpaka pedali ikawa ngumu. Ami akakaa kwenye kiti mwenyewe. Akikanyaga, magurudumu hayageuki hata ukining'inia. Halafu fundi akaifungua skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye gurudumu moja la nyuma, kama raba iliyopasuka. Ami akakanyaga. Pedali ikaenda moja kwa moja sakafuni, na mtoto wa jirani akalizungusha gurudumu la mbele kwa mkono mmoja, anacheka. Tukabadilisha masta. Viatu vile vile, mguu ule ule, skrubu ile ile imefunguliwa. Pedali ikazama zaidi ya nusu, ikasimama. Vijana wawili walilishika gurudumu la mbele wakalivuta kwa nguvu zao zote, halikwenda.

Ami alishuka garini kimya, akaitazama masta ile ya vikombe viwili kwa muda. Kisha akamwagiza fundi aipake rangi nyeusi na aifunge pale pale ilipokuwa ya asili, chini ya sakafu. Fundi akachonga kikalio cha chuma. Kifuniko cha sakafuni kimebaki kile kile cha zamani. Ukifunua zulia unaona uzee mtupu, kama alivyotaka.

Maisha ya Pascal miaka ile yalikwenda kasi. Baba yake alifariki 1651, na Januari iliyofuata Jacqueline akaingia utawani Port-Royal. Mwaka 1654 aliandikiana barua na Fermat kuhusu wacheza kamari wanaokatiza mchezo, namna ya kugawana fedha kwa haki, na humo ikazaliwa elimu ya uwezekano ambayo bima na takwimu zote zinaitegemea. Kuna kisa kinachosimuliwa cha mwaka huo huo, kwamba farasi wa gari lake walishtuka kwenye daraja la Neuilly, hatamu zikakatika, farasi wa mbele wakatumbukia mtoni, na gari likabaki linaning'inia ukingoni na yeye yumo ndani. Wanahistoria wengi hawakiamini sana, ushahidi wake ni dhaifu. Linalojulikana kwa hakika ni usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, ambapo alipata hali nzito ya kiroho, akaandika aliyoyahisi, na karatasi ile akaishonea ndani ya koti. Hakumwambia mtu. Aliyeigundua ni mtumishi, baada ya yeye kufariki.

Tangu hapo ibada ikamshika zaidi, lakini mikono haikutulia. Mwaka 1656 na 1657 alichapisha barua 18 kwa jina la bandia, kuwatetea watu wa Port-Royal, na Wafaransa mpaka leo wanazihesabu kuwa katika nathari bora za lugha yao. Alikusanya vipande vya kitabu kikubwa cha kuitetea imani, hakukimaliza pia. Vilitolewa mwaka 1670. Na mwaka 1662, mgonjwa, amebakiwa na miezi, akaanzisha jambo ambalo kila anayepanda gari pale Darajani anapaswa kulijua.

Yeye na wenzake waliomba ruhusa ya mfalme waweke magari ya farasi ya abiria mjini Paris. Yapite njia maalumu, yaondoke kwa wakati maalumu hata kama hayakujaa, na nauli iwe moja kwa wote: sol 5, sarafu ndogo za wakati ule. Njia ya kwanza ilifunguliwa tarehe 18 Machi 1662. Hiyo ndiyo daladala ya kwanza ya mjini tunayoijua katika historia. Na sisi wengi tunasema jina daladala limetokana na dala, yaani shilingi 5. Tano kwa tano. Tofauti ni hilo la kuondoka hata kama halikujaa. Hapo makonda wetu bado wanajadiliana na Pascal. Uchungu wake ni kwamba bunge la Paris likapiga marufuku askari, watumishi na vibarua kupanda, na miaka kiasi cha 15 baadaye magari yakafa. Pascal mwenyewe alitaka faida ya magari yale iwasaidie maskini wa Blois waliokumbwa na dhiki ya majira ya baridi.

Nyumbani kwake alikuwa amewapa hifadhi familia maskini. Mtoto wao akaugua ndui. Watu wakashauri mtoto atolewe; Pascal akaona kumhamisha mtoto mgonjwa ni hatari kuliko kuhama yeye. Akaondoka yeye, akenda kwa Gilberte, na huko akafariki tarehe 19 Agosti 1662, akiwa na miaka 39. Risala ya vimiminika ilichapishwa mwaka uliofuata. Kipimo cha kanieneo kilipewa jina lake mwaka 1971.

Kwa wenzangu wenye gari la babu nyuma ya nyumba, nimalizie na mambo machache ya kuchukua. Chagua masta ya vyumba viwili, na hakikisha ilitoka kwenye gari lenye breki za aina yako. Pitisha kidole ndani. Pima tundu, fanya hesabu, kisha rekebisha viatu. Acha nafasi ndogo kati ya fimbo ya pedali na pistoni, ili pistoni irudi yote na breki zisibane zenyewe. Usitie mafuta ya injini hata tone, raba zitavimba. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, na hewa yetu ya pwani ina maji ya kutosha: yaliyo makavu, ya daraja la DOT 4, hayachemki kabla ya nyuzijoto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 155. Yabadilishe kila miaka miwili. Rangi paka uitakayo.

Morris ya Ami inatoka kwa harusi yake ya kwanza mwezi ujao. Bibi harusi ataangalia bampa na taa za duara, na atakuwa na haki. Ya chini ya zulia hayamhusu, maadamu gari litasimama.